Siku sita na karatasi za manila: habari za shule zetu wilayani Lushoto

Jumatatu, Februari 2, 2026. Lushoto mjini

Nimetoka nyumbani alfajiri na mkoba mmoja: nguo za kubadili, khanga mbili, sweta zito la Mtae, daftari, kalamu za wino mzito, na karatasi sita za manila zilizokunjwa kama mkeka na kufungwa kwa kamba ya katani. Karatasi hizo ndizo safari yenyewe.

Nimefundisha shule za msingi za wilaya hii miaka thelathini na moja. Tangu nistaafu ni mjumbe wa kamati ya shule kijijini kwetu, na kila mwisho wa mwezi huwaandikia habari za shule wazazi wa huku milimani, pamoja na wanetu walioko Tanga na Dar es Salaam, maana wengi wao ndio wanaonunua sare na madaftari ya wadogo zao. Huandika nikiwa nimeketi kibarazani, habari zinanifuata. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa wazazi, baba mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, mdogo yuko Darasa la Tano, kaka yake yuko la Sita. Nani anatangulia kumaliza?"

Watu walicheka, wakadhani katega kitendawili. Nilipojibu kwamba watamaliza pamoja, mwaka mmoja, kicheko kilikatika. Nikatambua kwamba jambo hili, ambalo walimu wamelizungumza ofisini tangu 2024, halikuwa limefika majumbani.

Maelezo ni haya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na elimu ya lazima sasa ni miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Katika shule za msingi mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa Darasa la Kwanza na la Tatu. Waliokuwa la Tatu mwaka ule leo wako la Tano, nao wataishia la Sita mwaka 2027. Waliokuwa la Nne walibaki na mtaala wa zamani. Leo wako la Sita, na watamaliza la Saba mwaka huohuo wa 2027. Januari 2028 wote wanabisha hodi Kidato cha Kwanza kwa pamoja, halafu Darasa la Saba linabaki historia.

Nimechora hayo kwenye manila kwa mistari miwili, mmoja wa kijani na mmoja wa bluu, inayoanza mbalimbali na kukutana 2027. Nimechora mara sita, kwa ajili ya vituo vitano na shule ya kwetu.

Ofisi ya elimu ya halmashauri imeupokea mpango wangu vizuri. Barua ya ruhusa ya kuzungumza na wazazi imegongwa muhuri kabla ya saa sita mchana, na afisa aliyenihudumia ameniomba nisiandike habari ya madarasa peke yake, niulize na chakula. Nimemwahidi.

Nalala mjini kwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni mama wa watoto watatu. Kanipikia bada na kisamvu, kisha kaniuliza swali lilelile la yule baba.

Jumanne, Februari 3. Magamba hadi Lukozi

Basi dogo limeondoka stendi saa mbili kasoro, limejaa. Baada ya Magamba barabara inaingia msituni na baridi inaingia na wewe. Mbega walikuwa juu ya miti upande wa kulia, mikia myeupe inaning'inia kama vitambaa vilivyoanikwa. Hata mimi niliyezaliwa huku bado nageuza shingo kila nikipita.

Huku ni kwenye kabichi, karoti na viazi. Lukozi malori yanapakia mzigo wa kwenda Dar es Salaam, na kila kijana mwenye mgongo wenye nguvu anapata cha kufanya. Liweke hilo akilini, nitalirudia kesho.

Shule niliyofikia iko pembeni ya mashamba, mwendo wa nusu saa kutoka barabarani. Mwalimu Mkuu alikuwa amewaita wazazi saa nane. Walikuja wengi kuliko nilivyotazamia, wanawake ndio wengi, baadhi na udongo wa shamba bado kwenye viatu. Tukapachika manila ubaoni kwa misumari midogo.

Nilieleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kisambaa, kisha nikawaita watoto wawili mbele, mmoja wa la Tano na mmoja wa la Sita, wakatembea juu ya mistari niliyochora chini kwa chaki hadi wakagongana mabega. Hapo ndipo watu walipoelewa. Nimejifunza kazini kwamba mzazi ambaye hakusoma sana haogopi hesabu, anaogopa kuonekana hajui. Ukimpa kitu cha kutazama, maswali yanamiminika.

Swali zito lilitoka kwa mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni. Alitaka mwanawe wa la Sita ashushwe hadi la Tano "ili naye apate huu mtaala mpya." Kumbe wapo kadhaa wenye wazo hilo. Kuna uvumi kwamba walioko la Sita ni masalia, watatupwa. Nilimwambia: mama, ukimshusha atamaliza 2027 vilevile, mwezi hautapungua wala hautaongezeka. Ila atapoteza alichokwisha kukijenga. Yeye amezoea Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili. Darasa la Tano la sasa wana Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo. Wamejengewa kuanzia la Tatu. Kumwingiza mtoto katikati ni sawa na kumpandisha basi lililokwisha kupita nusu ya safari, nauli ileile. Alitafakari, akasema atamwacha alipo. Mwalimu Mkuu alinishika mkono baadaye; wazazi wanne walikuwa wameshamwendea na ombi hilo.

Kwenye ubao wa matangazo wa shule ile nimeona jambo la kuigwa. Fedha zilizoingia na zilizotumika zimeandikwa kwa mkono, herufi kubwa, mwezi kwa mwezi. Wengi wetu tukisikia elimu bila ada tunadhani Serikali imemaliza kila kitu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati yake 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo za kwenda shuleni. Shule yenye watoto 400 ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, mpira wa michezo. Mzazi akiisoma hesabu hiyo haulizi tena kwa nini dirisha la la Nne halijarudishiwa kioo. Anauliza kioo ni bei gani. Mmoja aliuliza hivyo leo, mbele yangu.

Chakula: wanapika makande siku tatu kwa wiki. Kila kaya hutoa kisado cha mahindi na maharage kwa kadiri ya makubaliano ya mkutano, na asiye nacho huleta kuni au huja kupika. Hakuna mtoto anayenyimwa sahani wala kurudishwa nyumbani kwa sababu mchango haujafika. Mpishi, bibi wa makamo, aliniambia siku za makande huhitaji sufuria kubwa zaidi, maana hata watoro huonekana.

Jumatano, Februari 4. Kuelekea Mtae

Asubuhi bodaboda ilipata pancha kabla ya Sunga, tukasukuma mpaka kwa fundi. Nimechelewa saa moja na nusu, lakini wazazi walinisubiri, Mungu awabariki.

Leo ilikuwa siku ya gulio katika kijiji jirani na hicho nilichopita. Niliomba daftari la mahudhurio nilitazame, kama nilivyokuwa nikifanya zamani nikiwa mwalimu wa zamu. Huhitaji kuambiwa siku ya gulio ni ipi. Unaiona kwenye safu ya alama, inaanza kupungua la Nne na kuzidi la Sita na la Saba. Wavulana wanabeba mizigo, wasichana wanauza karoti au wanabaki na wadogo zao. Mwalimu wa darasa hakulalamika. Amehamishia mazoezi ya Hisabati siku inayofuata ili waliokosa wayakute. Ni mwalimu kijana, wa mwaka wake wa pili kazini, na ametumia akili ambayo mimi niliipata baada ya miaka kumi.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni jambo jingine.

Milima yetu imekuwa ikipeleka wasichana mijini kwa muda mrefu. Kila anayesoma habari hii anajua nyumba moja Dar es Salaam au Tanga ambako binti wa Lushoto anafua, anapika na kulea mtoto wa mtu. Wengi waliondoka baada ya la Saba, wakati wa kusubiri. Ile miezi kati ya mtihani wa Septemba na kufunguliwa kwa sekondari Januari ndiyo dalali anapopita. Anakuja na nauli na ahadi, mzazi ana madeni, binti ana miaka kumi na minne.

Sasa fikiria mwisho wa 2027, nyumba yenye mabinti wawili wanaomaliza pamoja. Sare mbili, viatu jozi mbili, madaftari mara mbili, godoro la pili kama ni bweni, vyote Januari moja. Baba ambaye angejikakamua kumpeleka mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao atabanwa na yote kwa mpigo. Nauli ya dalali itaonekana kama msaada. Atakayebaki nyuma, mara nyingi, ni msichana.

Nililisema hilo mkutanoni bila kulizungusha. Kimya kilitanda. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akasema, "Mwalimu, usiwatishe watu." Nikamjibu kwa heshima: shikamoo baba, siwatishi, nawapa miezi ishirini na tatu. Kuanzia Februari hii hadi Januari 2028 ni miezi ishirini na tatu. Kuku mmoja anayetaga, gunia moja la viazi lililotengwa kila msimu, vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo kina mama wanavyo tayari. Mwenyekiti wa kikundi kimoja alisimama palepale akasema watafungua mfuko wa sare, tofauti na mfuko wa jamii, na kwamba hautakopwa kwa jambo jingine. Makofi yalipigwa. Yule mzee alikuwa wa kwanza kuuliza kama mwanaume anaruhusiwa kuweka.

Nilisahau kidogo umri. Mama mmoja ndiye aliyenikumbusha. Mtoto anayeishia la Sita atakuwa na miaka kumi na moja au kumi na miwili. Sekondari ya kata iko mbali, njia inapita msituni, na asubuhi ukungu ni mzito mpaka saa tatu. Alisema: "Wa miaka kumi na minne humtuma. Wa kumi na mmoja humsindikiza. Nani atamsindikiza kila siku?" Nimeliandika neno kwa neno na nitalipeleka ofisi ya elimu likiwa hivyo hivyo. Hosteli hazitajengwa kwa siku moja, lakini watoto wanaweza kupangiwa watembee kwa makundi na wakubwa wao, kijiji kwa kijiji, na hilo halihitaji fedha ya mtu.

Jioni nimesimama ukingoni mwa Mtae. Mlima unakatika hapo ghafla, na chini kuna uwanda wa Mkomazi hadi macho yanapochoka. Upepo ulitaka kuninyang'anya khanga. Nimelala mapema.

Alhamisi, Februari 5. Mlalo

Mvua ya rasharasha njia nzima kurudi Malindi na kushuka Mlalo. Mkutano ulikuwa mfupi, nusu ya wazazi hawakuja kwa sababu ya mvua, nami siwalaumu.

Faida ya leo ni mazungumzo na Mwalimu Mkuu mmoja ofisini kwake, vikombe vya chai mkononi, mabati yakipiga kelele. Yeye kafikiria mbele kuliko wengi wetu. Aliniambia: 2028 shule yangu haitakuwa na la Saba, kwa hiyo nitakuwa na chumba kitupu. Kila shule ya msingi katika kata itakuwa na chumba kitupu, kimoja au viwili. Na sekondari yetu, mwezi huohuo, itapokea waliomaliza la Sita na waliomaliza la Saba kwa mlango mmoja. Je, Kidato cha Kwanza kisingeweza kukaa kwenye vyumba vyetu kwa muda, walimu wa sekondari wakaja huku?

Nimelizungusha wazo hilo kichwani mchana kutwa. Kwenye shule iliyo jirani na sekondari linafaa. Kwenye shule iliyo juu ya kilima kingine halifai, maana mwalimu wa Fizikia hawezi kuwa vilima viwili kwa asubuhi moja, na maabara haibebeki. Lakini ni wazo la mtu anayeijua shule yake, na linastahili kupelekwa kwenye vikao vya kata sasa.

Alinikumbusha pia kwamba tumewahi kujenga kwa haraka. Mwishoni mwa 2021, kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, nchi nzima ilijenga vyumba 15,000, yaani 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, zile ndogo zilizo chini ya shule mama, shilingi milioni 20 kila kimoja, na watoto wa Kidato cha Kwanza 2022 wakaingia kwa mkupuo mmoja. Kata nyingi bado zinaviita madarasa ya Uviko. "Kama tuliweza kwa miezi ile michache," alisema, "kwa miezi ishirini na tatu tunaweza zaidi, ila lazima watu wajue leo."

Dukani Mlalo nimetoa nakala themanini za mchoro wangu kwa karatasi ndogo. Mwenye duka alipoona ni nini aliomba moja aibandike kwenye kioo chake. Ana mtoto la Tano.

Ijumaa, Februari 6. Kushuka Mng'aro

Kutoka Mlalo kwenda chini masikio yanaziba. Ndani ya saa chache unatoka kwenye sweta na kuingia kwenye joto la kuvua kila kitu. Unaacha mapeasi na plamsi, unakuta mpunga na minazi michache. Ni wilaya moja, lakini wa huku wakisema "juu" na wa juu wakisema "chini" wanazungumza kama kuna mpaka kati yao. Habari za shule pia husimama mpakani hapo. Nimeona ubao wa matangazo ambao karatasi yake ya mwisho ilikuwa ya mwaka juzi, imepaukia jua hadi haisomeki.

Kwa kuwa ni Ijumaa, nilimwomba Imamu, kupitia mwenyekiti wa kitongoji, tangazo la mkutano lisomwe baada ya swala. Alifanya zaidi ya nilivyoomba. Alisimama na ile nakala yangu ndogo, akaeleza mwenyewe mistari miwili inayokutana, akawaambia waumini kwamba Ramadhani inakaribia, na mwenye nia ya sadaka ajue kuna watoto watakaohitaji sare. Kesho kutwa Mchungaji wa kanisa la jirani atafanya vivyo hivyo; nakala anayo.

Mkutano ulianza saa tisa na nusu chini ya mwarobaini, jua likiwa limelegea. Wanaume walikuwa wengi, tofauti na juu.

Babu mmoja alikuja na wajukuu wake wawili, mvulana na msichana, la Sita na la Tano. Anawalea peke yake, mama yao alifariki na baba yuko mbali kutafuta. Aliniuliza kwa sauti ya chini, baada ya wengine, kama inawezekana Serikali ikamruhusu mmoja asubiri mwaka. Nilimweleza kwamba nafasi ya mtoto si foleni ya kuachiana, na kwamba elimu bila ada inafika hadi Kidato cha Sita, ada si tatizo. Mzigo wake ni sare, madaftari, kalamu na chakula. Tukakaa juu ya mzizi tukaandika kwenye daftari langu kila kitu kitakachotakiwa kwa wawili, kimoja kimoja, na kando yake ni nani anaweza kukitoa. Mwenyekiti wa kamati ya shule akasema viatu vya msichana ni juu yake. Mwalimu wa taaluma akasema madaftari ya muhula wa kwanza. Msichana mwenyewe, ambaye nilidhani hasikilizi, akasema kwa Kiswahili safi: "Mimi nina jogoo." Akaandikwa na jogoo wake, mstari wa tatu.

Nikauliza habari ya chumba. Kumbe sekondari wanayoitegemea ina boma, yaani darasa ambalo halijakamilika. Wananchi walipandisha kuta hadi usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, wakaishiwa saruji, na sasa nyasi zimeota ndani. Walikuwa wakisubiri halmashauri ipaue, wakati boma halijafika mahali pa kupauliwa. Hakuna aliyewadanganya wala aliyewakatalia. Kila upande ulidhani zamu ni ya mwingine. Mtendaji wa kata, ambaye alikuwa amekuja kusikiliza tu, alitoa kalamu akaandika. Kisha mtu mmoja kutoka nyuma akaita, "Kesho msaragambo!" yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na wengine wakaitikia.

Nilipanga kuondoka kesho asubuhi. Nimemwambia mwenyeji wangu anipatie kitanda usiku mwingine.

Jumamosi, Februari 7. Chini ya boma

Kufikia saa moja asubuhi nilihesabu watu arobaini na watatu, na walikuwa bado wanakuja. Vijana walifyeka nyasi ndani ya boma. Kina mama walipanga mstari kutoka mtoni, ndoo za mchanga zikapita kichwa kwa kichwa. Wanafunzi wa la Tano na la Sita walikusanya mawe, kila mmoja kwa kadiri yake, na Mwalimu Mkuu aliwazuia wadogo wasibebe makubwa. Fundi alizunguka boma, akagonga ukuta kwa kiganja, akasema kuta ni nzima, mvua mbili hazikuzidhuru. Kinachohitajika ni nondo, saruji na mbao za lenta. Ukikamilika mkanda huo, Mtendaji ataandika barua ya kuomba mabati na mbao za paa, akiambatanisha picha.

Niliombwa manila ya tano ibaki kwa wasimamizi wa ujenzi, ipachikwe ndani ya chumba kitakapokwisha. Nimewapa. Mwalimu mmoja aliigeuza palepale akachora upande wa nyuma orodha ya vifaa, nani kaahidi nini na lini. Babu wa jana alikuja na chepe lake. Mvulana alikuwa kwenye mawe, dada yake kwenye mstari wa mchanga, na jogoo, nimeambiwa, yuko salama nyumbani.

Saa nne nilipanda gari la mpunga kurudi Mlalo, kisha basi la Lushoto. Njiani nilimpigia simu yule baba wa kijijini kwetu aliyeuliza swali la kwanza. Nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, akasema ameshauza ndizi mikungu miwili na fedha ameziweka kwa mkewe, kwenye kopo la chai, na kopo lina karatasi mbili, kila moja jina la mtoto.

Karatasi ya sita itapachikwa Jumatatu kwenye ubao wa shule yetu.

Kwa walioko chini na waliotoka huko: msaragambo wa pili ni Jumamosi Februari 14, wa mwisho kabla ya Ramadhani. Saa moja asubuhi, kwenye boma. Njooni na ndoo na koleo. Walioko mbali wanaotaka kuchangia saruji wamwone mwenyekiti wa kamati ya shule, na risiti zitaandikwa ubaoni.

Kwa walioko Mtae: mfuko wa sare unafunguliwa wiki ijayo, na wanaume wanaruhusiwa.